Nani Aliyeushusha Uso wa Kajiru Bondeni?

Wasikilizaji wangu, wakubwa kwa wadogo, niazimeni sikio moja la kusikilizia, na la pili mlitunze kwa ajili ya hukumu. Hadithi hii nitaifikisha njia panda tu. Kutoka hapo mtatembea wenyewe.

Katika Upare ya Kusini, kule ambako mawingu huingia jikoni bila kubisha hodi, walikuwepo watu watatu wenye vipaji vitatu.

Wa kwanza ni Hatibu, fundi wa redio, simu na kila kitu chenye waya. Kipaji chake kilikuwa jicho. Angesimama uani kwako, akafumba jicho moja, akakuambia mawimbi ya mtandao yanapita wapi na yanagonga nini, kama wewe unavyoiona njia ya siafu.

Wa pili ni Mzee Mbonea, mpasua mbao wa siku nyingi. Kipaji chake kilikuwa shoka. Aliweza kuangusha mti katikati ya shamba la maharage na maharage yasijue kama kuna kilichoanguka. Alikuwa pia na kipaji cha kushikilia kesi, lakini hicho huku kwetu hakihesabiwi, kila mtu kazaliwa nacho.

Wa tatu ni Nakijwa, mke wa Kundaeli. Kipaji chake kilikuwa mikono. Alichokishika hakikuponyoka, na alichokibeba hakikumchosha. Ni kweli pia kwamba mikono hiyohiyo ilivunja vikombe vinne vya mama mkwe wake, na mama mkwe alikuwa na hesabu yake.

Huyo Kundaeli ndiye tutakayemfuata, maana mzigo wa hadithi ulimwangukia yeye. Alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato, mtu wa darasa la saba, mpole, mwepesi wa kutubu. Mkewe alimtania kwamba akimaliza dhambi zake huazima za majirani.

Mji wao ulikuwa na majengo matatu juu ya mteremko mmoja. Juu, kando ya barabara, nyumba ya Kundaeli. Katikati, ghala la mawe la kuwekea mahindi. Chini kabisa, karibu na chemchemi, nyumba ya mama yake, Bibi Nietiwe. Kutoka juu hadi chini ni zaidi ya mita mia mbili, na huko chini mtandao wa simu haukuwahi kufika tangu simu ziumbwe, kwa sababu mwamba uliukinga.

Mwaka mmoja nyuma Kundaeli alifunga sahani ya intaneti juu ya paa lake, na ruta akaiweka sebuleni, juu ya kitambaa cha kufuma. Waifai ilienea nyumba nzima, ikafika mlangoni mwa ghala, ikafia hapo. Watu walimwuliza, "Na kwa mama je?" Akajibu, "Mama ana redio yake." Jibu hilo lilimtoka kirahisi. Baadaye alikuja kulililia.

Siku ya Jumanne asubuhi ujumbe uliingia kwenye simu yake kutoka Afrika Kusini. Mchungaji mmoja aliandika kwamba amekutana hospitalini na Mpare aitwaye Kajiru. Kajiru alikuwa kaka yake Kundaeli, aliyegombana na baba yao na kuondoka miaka ishirini na miwili iliyopita, asirudishe hata salamu. Sasa moyo wake ulikuwa mgonjwa. Angepasuliwa Jumapili asubuhi, na madaktari hawakumficha kwamba huenda asiamke. Alikuwa na ombi moja: apate radhi ya mama yake kabla ya kisu. Mchungaji angeweza kumpelekea simu ya kuonana Jumamosi tu, saa tisa alasiri, saa ya kutazama wagonjwa.

Kundaeli aliteremka mbio kumwambia mama yake. Bibi Nietiwe alikuwa kitandani tangu Machi, nyonga imevunjika. Walishajaribu kumpandisha juu kwa machela. Hatua ya tatu alipiga kelele hadi mbuzi wakakata kamba.

"Mama," Kundaeli alisema, "mimi nitaongea naye huko juu, nikuletee maneno yake."

"Maneno yalishakuja mara mbili," mama alijibu. "Mara mbili watu walikupigia simu wakijiita Kajiru, na mara zote mbili walikuwa wezi. Nataka uso. Nikiuona uso nitajua kama nilimzaa mimi. Na radhi siitumi kama salamu za sikukuu. Naitoa mwenyewe, naye kainamisha kichwa, mimi nikimwona."

Kwa hiyo kazi ilikuwa moja: uso wa Kajiru ushuke bondeni kabla ya saa tisa ya Jumamosi.

Jumatano alikuja Hatibu. Kundaeli alikuwa na mpango wake tayari.

"Fundi, vuta waya mrefu kutoka kwangu hadi kwa mama. Tumemaliza."

"Shehe wangu wa Kisabato," Hatibu alicheka, "waya huu una pumzi ya mita mia. Ukiuvuta mia mbili utafika, lakini utafika umekufa."

"Basi weka kifaa kingine pale ghalani, kipokee na kusukuma mbele."

"Kuta za mawe zile? Babu yako alijenga ghala la kuzuia panya, likazuia na waifai. Tutafanya hivi: antena moja juu ya paa lako, nyingine juu ya paa la mama, zitazamane kama wachumba. Chini tutaweka kisambazio, umeme tutachukua kwenye sola ya taa. Lakini wachumba hawa wana wivu. Kitu kikisimama katikati yao, hawasemezani tena."

Alikuwa amepatana kazi ya siku moja, akafanya siku tatu, akilala ghalani juu ya magunia. Alhamisi aliazima kioo cha Nakijwa cha kujitazamia, akateremka nacho, akaurusha mwanga wa jua kuelekea nyumba ya juu. Akahamisha kioo hatua moja, akamulika tena. Akapanda, akashuka, mara kumi na moja, mpaka kuku wa Bibi wakachoka kumkimbia. Mwisho akamwita Kundaeli, akamwonyesha pembe moja tu ya paa la Bibi.

"Ni hapa. Pengine popote, mwamba au ghala vinaziba. Na hata hapa, tazama mwanga unapofia. Unapofia mwanga, na mawimbi yatafia hapohapo."

Mwanga ulifia kwenye mgrivilea wa Mzee Mbonea. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya jicho, na bila jicho hilo, wasikilizaji, kusingekuwa na hata mahali pa kuanzia.

Kundaeli alipoutazama ule mti, alitamani mwanga ungefia kwingine. Kwa miaka sita ukoo wake na Mbonea walikuwa barazani wakigombea mpaka, na mti huo ndio uliokuwa ushahidi wa Mbonea. Baba yake Mbonea aliupanda kuwa alama ya mpaka. Wazee wa baraza walipanga kuja kuutazama juma lifuatalo. Kundaeli tangu utoto alijua nani aliupanda. Hakuwahi kusema uongo barazani. Alinyamaza tu, na ukimya wake ulifanya kazi ya uongo.

Ijumaa asubuhi alibisha kwa Mbonea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeleta hati ya kuniita, au leo umekuja kwa miguu yako?"

"Nimekuja kuomba."

"Mpare anaomba! Mke wangu, leta kiti, huyu ni mgonjwa."

Kundaeli alieleza habari za Kajiru, za Jumapili, za mama asiyeinuka. Alipofika kwenye mti, alitaka kuongeza, "Nao ni mti wako, najua." Badala yake akaomba tu ukatwe.

"Unajua nikiukata nimejikata ulimi," Mbonea alisema. "Barazani nitaonyesha nini, kisiki? Kisiki kinaweza kuwa cha yeyote."

"Najua, mzee."

"Mama yangu alifariki mimi nikiwa msituni napasua mbao za watu. Nilirudi nikakuta kaburi limeshaota nyasi." Akainuka, akatoa shoka chini ya kitanda. "Twende. Sabato haijaingia."

Mti ule ulikuwa umezungukwa na maharage ya Nakijwa pande tatu, na upande wa nne bomba la maji. Mbonea aliuzunguka kama mtu anayeaga, akapiga mapigo yake bila haraka. Ulianguka kwenye mfereji uliopita kati ya maharage na bomba, mahali pembamba kama kitanda cha mtoto, na hakuna mharage uliovunjika. Hatibu akamulika kioo. Mwanga ukapenya bondeni hadi ukutani kwa Bibi Nietiwe. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya shoka, na bila shoka hilo zile antena zingetazamana na majani.

Jioni, kabla jua halijazama, walijaribu. Nakijwa juu, Hatibu chini, wakaonana kwenye simu kama watu wa meza moja. Hatibu akaaga, akateremka tambarare kwenye harusi ya mpwa wake. Kundaeli akakusanya jamaa yake, wakaimba wimbo wa kuifungua Sabato, akamshukuru Mungu, akalala usingizi mtamu wa mtu aliyemaliza kazi.

Jumamosi baada ya ibada waliketi kuzunguka kitanda cha mama. Bibi Nietiwe alikuwa amefungwa kilemba chake cheupe cha meza ya Bwana. Saa tisa kasoro robo Kundaeli akawasha simu. Hakuna mtandao. Akaizima, akaiwasha. Hakuna.

Kwanza alimshuku Hatibu. Kisha akaushuku upepo, kisha shetani. Ndipo akaukumbuka mkono wake mwenyewe. Tangu aingize intaneti nyumbani, kila Ijumaa jua linapozama alichomoa ruta kwenye umeme, ili Sabato iingie kwenye nyumba tulivu. Na jana, baada ya wimbo na sala, mkono ulikwenda wenyewe ukachomoa. Wala hakukumbuka kuufikiria.

"Ee Mungu, ng'ombe wangu yuko shimoni siku ya Sabato, na mimi ndiye niliyemsukuma," alisema, akatoka mbio na viatu vya kanisani, akipanda mteremko kwa miguu na mikono. Akachomeka. Taa za ruta zikaanza kuwaka moja baada ya nyingine, taratibu, kama zinamwadhibu.

Alipotoka mlangoni akatazama chini, akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona. Mkewe alikuwa juu ya paa la mama yake.

Upepo wa mlimani ulikuwa umeilegeza nguzo ya chini, antena ikageuka ikatazama mbinguni. Kwao mkamwana kupanda juu ya paa la wakwe zake ni aibu isiyo na jina, ni kama kuwakanyaga kichwani. Nakijwa alipanda. Aliikumbatia nguzo, akaigeuza kidogokidogo kuelekea nyumba ya juu, mpaka sauti za ndani zikapiga kelele, "Imekuja! Imekuja!" Akaganda hapohapo. Manyunyu yakaanza.

Kundaeli alifika chini akihema. "Shuka, mama Elinami, nishike mimi."

"Usipande!" Nakijwa alisema kwa meno yaliyofungwa. "Nikisogea kidole kimoja anapotea. Ingia ndani ukamwone kaka yako."

Akaingia. Kwenye kioo cha simu kulikuwa na mwanamume mwenye ndevu nyeupe na bomba puani. Bibi Nietiwe alimtazama muda mrefu.

"Huyu ni mzee," alisema. "Mwanangu alikuwa kijana."

"Mama, ni mimi."

"Wezi nao walisema ni wao. Nyamaza nikutazame."

Yule mwanamume alinyamaza. Kisha hakuweza tena, akaanza kulia, mdomo wa chini ukitokeza na kutetemeka.

"Ndiye," mama alisema. "Analia kwa mdomo wa chini kama baba yake. Kajiru, mpumbavu wewe, ulikuwa wapi? Inama."

Kajiru aliinama. Bibi Nietiwe aliweka kiganja juu ya kioo cha simu, mahali palipokuwa na kichwa, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba akibonyeza vibaya atakata. "Radhi yangu unayo, na ya baba yako naitoa kwa niaba yake, maana alikusamehe kabla hajafa, akaona haya kusema. Nenda kwenye kisu, mwanangu. Huendi peke yako."

Waliongea dakika arobaini. Dakika arobaini manyunyu yalimshukia Nakijwa, vidole vikawa vya bluu, na picha haikukatika hata mara moja. Katikati ya mazungumzo Bibi aliinua macho darini.

"Nani huyo juu ya paa langu?"

"Ni Nakijwa, mama," Kundaeli alijibu. "Ameshika antena."

Bibi alitafuna jambo hilo. "Mwambieni akimaliza ashuke polepole. Na vile vikombe nimevisamehe."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mikono, na bila mikono hiyo jicho na shoka vingebaki hadithi za juzi.

Simu ilipokatwa, Bibi Nietiwe alimshika Kundaeli mkono. "Nina mtamba wangu mwekundu, ana mimba. Mpe yule aliyeniletea uso wa mwanangu. Mpe kabla ya Sabato ijayo."

"Ni watatu, mama."

"Mtamba ni mmoja. Na sitaki ng'ombe wa shirika. Ng'ombe wa shirika hufa njaa, kila mwenye naye akidhani mwenzake amempa majani. Mimi nimeshiba, sina akili ya kuamua. Amua wewe."

Jumatatu ujumbe ukaja: Kajiru ameamka, anaomba uji. Kundaeli alipiga magoti palepale kwenye tope la njia. Aliposimama, alimshukuru Mungu kwa jicho, akamshukuru kwa shoka, akamshukuru kwa mikono, na akaona ya kuwa kumshukuru Mungu ni kwepesi, kwa kuwa Yeye ni mmoja.

Jumanne aliwaita wote watatu chini, uani kwa mama.

"Bila mimi," Hatibu alianza, "Mzee Mbonea angekata mti gani? Na shemeji angeshika fimbo ipi, ya kuanikia nguo?"

"Wewe ulipatana ujira wako," Mbonea alisema. "Tangu lini mpishi wa harusi akadai na bibi harusi?"

"Nilipatana siku moja! Siku mbili nilizitoa mwenyewe, na mgongo wangu una alama za magunia ya mahindi."

"Magunia yatakutoka mgongoni. Mti wangu hauoti tena."

"Sawa, wazee wangu," Nakijwa alisema, mikono yake bado imefungwa kitambaa. "Naomba kuuliza tu. Saa tisa na robo mlikuwa wapi? Mmoja yuko kwenye pilau, mwingine anakoroma usingizi wa Sabato. Jicho lilikuwa halioni na shoka limelala chini ya kitanda."

Walicheka wote, hata Bibi ndani akasikika akikohoa kicheko.

Kundaeli hakucheka. "Mimi simo katika hesabu hii," alisema. "Niliuchomoa mtandao nikauchomeka. Aliyefunga mlango hashukuriwi kwa kuufungua. Lakini niseme jambo. Mzee Mbonea, mti ule ulikuwa wako. Baba yako aliupanda, nilikuwa nalijua hilo tangu utoto. Nitakwenda barazani kulisema, na mpaka utakaa palepale penye kisiki. Hilo silifanyi kwa ajili ya Kajiru. Hilo nilikuwa nadaiwa. Usilihesabu kama shukrani ya mama."

Mbonea alimvulia Kundaeli kofia, akaivaa tena. Kwa Mpare mwenye kesi, hilo ni jambo la kuandikwa.

Juma zima Kundaeli aliupima moyo wake, akauona una udongo. Ulimchagua Nakijwa haraka mno, naye akaiogopa haraka hiyo, kwa sababu maziwa ya mtamba yangemiminika katika kikombe chake mwenyewe. Akamgeukia Hatibu, akajikuta anasema, "Huyu ana ujira wake," kana kwamba ujira hulipa hadi usingizi wa magunia. Akamgeukia Mbonea, akapata sababu kumi za kumnyima, na zote zilinuka baraza. Alifunga na kuomba. Mungu alimpa amani, lakini jina hakumpa.

Ijumaa imefika, na jua limeanza kuelekea mwamba. Kundaeli amemfungua mtamba, amesimama naye mbele ya ghala, hapo njia inapogawanyika. Ya kushoto inakwenda kwa Mbonea, ya kulia inateremka tambarare kwa Hatibu, na ya katikati inapanda jikoni kwa Nakijwa. Mtamba anatafuna, hana upande.

Kamba ninawaachia ninyi sasa. Aliyeona njia, aliyeifungua, au aliyeishikilia: ungekuwa wewe, mtamba wa Bibi Nietiwe ungemwelekeza wapi, na wale wawili wengine ungewatazamaje usoni?